Nyama ya Ntheo na Meno ya Nthenya

Ikutha, kwa duka la Jabiri
3 Septemba 1986

Kwa mjukuu wangu Nthenya,

Tangu uondoke hapa tumevuna mara mbili na mara moja tumekosa, na wewe hujakanyaga uwanja huu. Mtoto wa jirani aliyekuwa tumboni ulipoondoka sasa ananitukana kwa jina langu. Huko Sultan Hamud uliko si Ulaya. Lori la Jabiri linatoka huko asubuhi na jioni liko hapa likishusha mizigo. Mbuzi wangu akipotea siku mbili hurudi mwenyewe akiwa na aibu. Wewe una akili kuliko mbuzi, na hurudi.

Barua hii anaiandika Mishi, mke wa Jabiri, kwa sababu shule mimi niliiona kwa nje nikipeleka kuni. Kikamba anakisikia lakini hawezi kukiandika, kwa hiyo mimi nasema changu naye anakigeuza Kiswahili. Nimemwambia asiongeze sukari. Akimaliza atanisomea, na kama kuna neno tamu ambalo sikulisema, litatoka.

Sasa nikuulize. Rashid, ndugu yake Jabiri, yule dereva, alikuona kwenye baraza unaposhonea nguo. Anasema ulimsalimia kwa macho tu. Anasema umejifunga leso kutoka puani mpaka kidevuni, na hukuifungua hata alipokupa salamu zangu. Nthenya, umesilimu? Kama umesilimu niambie mimi kwanza, kabla mchungaji hajaambiwa na wanawake wa kwaya. Sitakupiga. Mishi ni Mwislamu tangu tumboni mwa mama yake na ananipimia sukari vizuri kuliko Wakristo wote wa soko hili. Lakini hata yeye hafungi mdomo wake akiwa anauza. Sasa anacheka, kalamu inatikisika, utaona mwenyewe hapa mstari umepinda.

Jambo la pili ni Kisilu. Watu wake wametuma neno kwamba Desemba wataleta mbuzi wa ntheo, wale watatu wa kufungua posa. Baba yako mdogo Musembi amekubali. Wewe hujajibu. Mwanamume ni fundi wa magari, hanywi, mama yake ni mpole, na anakutaka hivyo hivyo ulivyo na miaka yako ishirini na tano. Unangoja nani, malaika? Kazi yako siku hiyo si kubwa. Mbuzi mmoja anachinjwa, unaulizwa mbele ya pande zote mbili kama watu wale nyama, na wewe unajibu kwa kula kipande cha kwanza. Hata msichana mwenye haya anaweza kula nyama.

Vidonge vyako unavyo? Nijibu kwa mkono wa Rashid, anarudi huko kila baada ya wiki mbili.

Ni mimi susu wako,
Kaluki


Sultan Hamud
21 Septemba 1986

Kwa Susu yangu Kaluki,

Salamu zako nilizipata, na za Mishi, na mstari uliopinda niliuona. Mimi ni mzima.

Sijasilimu, Susu. Leso ni kwa sababu ya vumbi. Malori ya Mombasa yanapita hapa mchana kutwa na mimi nakaa karibu na barabara, na kifua changu unakijua. Watu wengi hapa wanajifunga.

Kazi ni nyingi. Nina sare za shule za watoto hamsini na sita na tarehe ya kuzimaliza nimepewa. Ndiyo maana sijaja.

Kuhusu ntheo, naomba Baba mdogo awaambie wangoje kidogo. Mvua ipite kwanza. Hata mwaka ujao si mbaya. Kisilu si mtu wa haraka, nimezungumza naye.

Vidonge ninavyo. Kopo limejaa.

Wasalimie wote.

Mjukuu wako,
Nthenya


(Karatasi ya pili, ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Dada Mishi,

Ikunje hii kabla hujamsomea ile nyingine. Hii ni yako peke yako. Siwezi kuandika mambo haya kwenye karatasi itakayosomwa kwa sauti dukani, watu wakiwa wamepanga mstari wa mafuta ya taa.

Kopo limejaa kwa sababu sivimezi.

Nilipoanza kuishi huku fizi zangu zilikuwa zimevimba kidogo, nikafikiri ni mswaki mbaya. Sasa zimeota. Umewahi kuona mchwa wanavyopandisha udongo juu ya nguzo ya nyumba? Hivyo ndivyo zilivyopanda juu ya meno yangu. Ya mbele yanaonekana ncha tu. Mawili ya juu yamesukumwa nje na yanacheza nikiyagusa kwa ulimi. Nikila kitu kigumu natoka damu. Nasukutua maji ya chumvi asubuhi, mchana na jioni, na bado mdomo unanuka, Dada, mimi mwenyewe naisikia ile harufu. Mama mmoja alileta mtoto nimpime gauni, mtoto akageuza uso. Siku hiyo ndiyo nilianza leso.

Mwezi wa nne alikuja daktari wa meno na gari la kliniki. Alinitazama mdomoni, akaniuliza nameza dawa gani. Nikamtajia, kwa sauti ya chini. Akasema ni hiyo dawa. Si uchafu, si laana. Kuna watu wakiimeza miaka mingi fizi huota. Akasema fizi zinaweza kukatwa, lakini nikiendelea na dawa hiyo huenda zikaota tena. Nikitaka dawa nyingine niende hospitali kubwa wanibadilishie polepole, nisiache ghafla. Nilienda. Nilikaa kwenye benchi siku mbili. Nikapewa tarehe ya Januari.

Ntheo ni Desemba. Nitakula nyama ile mbele ya wajomba wa Kisilu na mdomo upi?

Nimeacha vidonge tangu tarehe moja Agosti. Sijaanguka hata mara moja, hii ni wiki ya nane. Fizi hazijashuka sana lakini damu imepungua. Labda ule ugonjwa uliniacha zamani na mimi nikaendelea kumeza bure.

Kisilu hajui kama naanguka. Anajua nina jino bovu, basi. Susu alinikataza kumwambia mtu tangu nikiwa mdogo.

Nakuomba umwambie Susu mambo ya ntheo yasukumwe mbele. Wewe anakusikiliza. Usimwambie kwa nini.

Nthenya


Ikutha
6 Oktoba 1986

Nthenya,

Salamu baadaye.

Bahasha yako ilikuwa na karatasi mbili. Kusoma sijui, kuhesabu najua, nimehesabu mbuzi tangu kabla baba yako hajazaliwa. Mishi alisoma moja, ile nyingine akaitia kifuani. Nikamuuliza, na hiyo? Akasema hiyo ni mambo ya vitambaa. Andika, Mishi. Andika kwamba ulinidanganya mimi mwanamke mzee.

Nikakaa. Nilikaa mlangoni juu ya gunia la maharagwe kutoka asubuhi mpaka wanafunga. Wateja waliniruka. Jabiri akaniletea chai, nikainywa, nikaendelea kukaa. Kesho yake nikaja na kyondo ninachosuka, nikakaa palepale. Adhuhuri Jabiri akamwambia mkewe, "Msomee bibi huyu, maharagwe yangu yanapondeka." Mishi akawatoa watu, akafunga mlango wa duka, akanisomea. Yeye alilia. Mimi sikulia. Nilitafuta kitu cha kupiga nikakosa.

Usimkasirikie. Mimi nimewakalia mlangoni watu wakubwa kuliko Mishi.

Sasa sikia. Ukiipokea barua hii, simama, nenda kwa dispensari na kopo lako mkononi. Waambie umeacha tangu Agosti. Usijirudishie mwenyewe kwa kiganja kizima, waulize uanzie wapi. Hao watoto hamsini na sita waache wavae sare za mwaka jana.

Unasema labda ugonjwa ulikuacha. Wewe hukumbuki kwa sababu anayeanguka haoni. Mimi niliona. Ulikuwa na miaka tisa, mama yako amekufa, baba yako yuko kwa reli. Nilikuacha jikoni nikatoka kuchukua kuni hapo nje, mikono miwili tu ya kuni, na niliporudi mkono wako wa kushoto ulikuwa kwenye mafiga na wewe hulii. Hicho ndicho kilinitisha, kwamba hulii. Nilikubeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, siku mbili, na ulianguka njiani mara nne. Kila mara nakushusha, nakulaza ubavu, nangoja, nakufunga tena mgongoni. Wakakupa vidonge hivyo. Miaka kumi na tano hukuanguka. Mimi nilivipenda vidonge hivyo kama watu wanavyopenda mvua. Kumbe vilikuwa vinakula upande wa pili. Sikujua. Ningejua ningekupa tu, maana ilikuwa meno au wewe.

Nikuambie kitu ambacho hukuniuliza. Meno yangu unayakumbuka? Hapana, ulipozaliwa yalikuwa yamebaki matatu. Nilichongwa nikiwa msichana, na mzee aliyeitwa Ndeti, kwa tindo ndogo na kijiti cha kugongea. Nililala kichwa changu kati ya magoti yake. Sikulia, kwa sababu wasichana waliolia walitungiwa wimbo. Nilitoka hapo na meno yenye ncha kama ya paka, na vijana walitembea kutoka mbali kuja kuniona nikicheka. Babu yako alikuwa mmoja wao.

Kisha nikaokoka. Mke wa mwinjilisti akatukusanya wanawake akasema meno haya ni alama ya giza, tuwe na aibu. Nikawa nayo. Niliweka mkono mdomoni nikiimba, nikiongea na wateja sokoni, nikicheka na babu yako ndani ya nyumba yetu wenyewe. Siku moja akaniuliza, "Kaluki, nani amekuibia?" Nikaurudisha mkono mdomoni. Miaka mingi hivyo. Nilipochoka na kuutoa mkono, meno yalikuwa yameoza na kung'oka, na babu yako amekwisha kuzikwa. Nataka ujue kwamba kwa kuuficha mdomo miaka ile sikulipwa kitu.

Ntheo nitaisukuma mbele. Musembi atanung'unika, amezoea.

Meza dawa. Rashid anaondoka kesho na barua hii, na nimemwambia asikupe kisha aondoke. Akae akuangalie ukielekea dispensari.

Susu wako,
Kaluki

Nami Mishi naongeza: nisamehe, mdogo wangu. Alikataa hata kwenda kula.


Sultan Hamud
5 Oktoba 1986

Kwa mheshimiwa Nyanya Kaluki,

Mimi ni Kisilu. Hatujaonana ila unalijua jina langu. Nimempa dereva wa lori la mbuzi barua hii kwa sababu Rashid hajafika wiki hii.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa chini ya gari gereji. Kavata, yule mama anayeuza chai karibu na baraza la Nthenya, alikuja anakimbia. Nilimkuta Nthenya yuko sakafuni. Alikuwa anapiga pasi sare, na pasi ya makaa ilianguka pamoja naye. Imemchoma bega na shingo upande mmoja. Watu walisimama mbali. Mmoja alisema tusimguse, mate yake yanaambukiza. Kavata akamvua leso ili apumue, na hapo ndipo nilipouona mdomo wake. Nyanya, tumejuana mwaka na nusu, na nilikuwa sijauona ndani.

Meno mawili ya mbele yalivunjika hapo sakafuni. Ameuma ulimi.

Tulimpeleka dispensari, wakasema tumpeleke hospitali kubwa, na njiani alianguka mara tatu. Daktari akaniuliza ana kifafa tangu lini. Nikasema huyu hana kifafa. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga, akaandika.

Leo anajua mahali alipo. Ameuliza kuhusu sare.

Wajomba zangu wamekwisha kusikia. Habari ya namna hii haingoji lori. Mimi sijawajibu. Nyanya, wewe ulijua. Musembi alijua. Mlikaa na wazee wangu mkazungumza mbuzi, na mkajua. Naomba uniambie ukweli wote kwa barua moja, nisiendelee kuuokota kwa Kavata na kwa madaktari.

Ni mimi,
Kisilu


Ikutha
20 Oktoba 1986

Kwa Kisilu,

Barua yako na yangu zilipishana njiani. Yangu ilikuwa inamwambia ameze dawa. Imefika kwa mtu aliyelala hospitali.

Umeuliza ukweli. Ni mimi. Musembi nilimkataza, Nthenya nilimkataza akiwa na miaka tisa. Nilimfundisha kusema ni malaria. Akiulizwa kovu la mkono aseme ni uji. Nilijua watu wa hapa wanavyofanya, niliwaona wakimwekea msichana mwingine sahani yake na kikombe chake pembeni mpaka akawa anakula na kuku. Sikutaka huyu wangu ale na kuku. Nikafikiri akishaolewa na kuzaa, mtu mzuri hatamfukuza. Huo ulikuwa uongo na kwa huo niliichezea nyumba yako. Nimekukosea. Andika hivyo Mishi, usilitafutie neno hilo kitambaa cha kulifunika.

Kifafa hakiambukizi. Nilifuta mate yake kwa mikono hii miaka kumi na sita iliyopita, na mpaka leo kinachoniangusha mimi ni usingizi tu.

Meno yake yameharibiwa na dawa ya ugonjwa huo. Aliiacha dawa ili fizi zishuke, ili aweze kula nyama mbele ya wajomba zako. Hilo nataka ulijue vizuri. Mtoto huyu alikubali kuanguka kwenye moto ili asikuaibishe wakati wa kutafuna.

Ukitaka kuacha posa, acha. Mbuzi hawajaletwa, hakuna wa kurudishwa. Lakini ukiondoka, mwambie mwenyewe kwa mdomo wako, usitume mjomba. Na usiseme ni kwa sababu ya meno. Mimi sina hata moja na wanaume wawili waliniomba nikiwa mjane.

Kama bado unapita kwake, angalia kopo la dawa linapungua. Sikuombi kingine.

Kaluki


Sultan Hamud
30 Novemba 1986

Susu,

Nimechelewa kuandika. Mkono wa kulia ulikuwa hauinuki kwa sababu ya bega, na hata sasa naandika nikipumzika.

Walinikata fizi kwa awamu mbili, upande huu, kisha upande ule. Sindano ya ganzi inauma kuliko kisu. Pamoja na yale mawili yaliyovunjika, waling'oa mengine manne. Daktari alisema yalikuwa hayana mzizi wa kushika tena. Aliyaweka kwenye kisahani cha chuma nikayasikia yakilia. Meno ya bandia nisubiri nusu mwaka, mpaka nyama ya mdomo ikauke.

Dawa wamenibadilishia. Ya zamani wanaipunguza kidogo kidogo na hii mpya wanaiongeza. Hii mpya inanilaza. Jana nilisinzia mguu ukiwa kwenye cherehani, nikashona kola kwenye mkono wa shati. Mwenye baraza ameniambia nipumzike mpaka mwaka mpya, akasema kwa upole, lakini mashine yangu ameshaisogeza ndani. Pasi sitashika tena. Kavata anasema atanipigia yeye, sijui kwa siku ngapi.

Maneno mengine yananitoka na hewa. Leso nimeacha. Si kwa ujasiri, ni kwamba kila mtu ameshaona.

Kisilu anakuja jioni akitoka kazini. Anakaa juu ya sanduku, anaangalia kopo, anaangalia ukuta. Barua uliyomwandikia alinisomea yote. Mwanzoni nilitamani asimame aende, angalau nijue. Juzi akasema wajomba zake wamekataa kuja na ntheo. Akasema yeye ataleta mbuzi Februari na mama yake, na rafiki mmoja wa gereji ashike kamba. Nikamwambia hujakasirika? Akasema amekasirika sana, lakini anakasirika akiwa hapa. Nilikuwa nimechoka, nikalala akiwa bado amekaa.

Susu, na mimi nilikuwa na hasira nawe. Kule hospitali nilikuwa nayo kila siku. Ulinificha vizuri mpaka nikajifunza kazi yenyewe, nikakushinda. Ningekuwa nimezoea kusema "naanguka", ningesema pia "mdomo wangu unaoza". Sasa hasira imekwisha, si kwamba nimesamehe, imechoka kama mimi. Usiniambie nishukuru kwa kuwa hai. Kila mtu anayepita hapa ananiambia hivyo.

Vidonge nameza. Viwili asubuhi, viwili jioni. Kisilu akiwepo anahesabu, asipokuwepo nameza vilevile.

Nakuomba jambo moja. Februari mwambie Baba mdogo akatae mbuzi. Akatae yeye, isiwe mimi. Nakula uji na viazi vya kuponda. Nitaulizwa kama watu wale, halafu nifungue pango hili mbele ya uwanja mzima, nyama iniangukie? Siwezi. Nataka kukaa tu mahali ambapo hakuna anayeningoja nifungue mdomo.

Nthenya


Ikutha
14 Desemba 1986

Nthenya wangu,

Sikuambii ushukuru. Nilizika watoto wawili na watu walinijia na neno hilo hilo, nikawafukuza na ufagio.

Ulichosema kuhusu kuficha ni kweli. Jumapili nilienda kwa mkutano wa wanawake baada ya ibada. Waliuliza nani ana maombi. Nikasimama. Nikasema mjukuu wangu Nthenya ana kifafa tangu utoto, nilimficha, ameungua, na meno yake yameliwa na dawa inayomweka hai, na dawa hiyo si dhambi, na atakayesema ni pepo aniambie mimi nikiwa hapa nimesimama. Wanawake wawili walihama benchi langu, wakajifanya wanatafuta upepo. Nilibaki na nafasi ya kunyoosha miguu. Tulipotoka Syombua wa kule ng'ambo alinifuata mpaka kwenye miiba ya boma, akaangalia nyuma na mbele, akasema kijana wake wa pili pia anaanguka. Miaka kumi na moja. Anamfungia ndani wageni wakija. Tulisimama hapo mpaka jua likatuchoma. Nimemwambia alete huyo kijana Jumanne nimwone.

Mbuzi. Ulinituma nimwambie Musembi akatae. Nilifika kwake nikiwa na neno lako mdomoni, na kabla sijasema akaanza yeye. Akasema vizuri wasilete, kwa sababu msichana asiyeweza kula nyama hawezi kujibu, na ntheo isiyojibiwa si ntheo. Hapo nikaona niliposimama. Nikamuuliza, Musembi, mimi nimekula ntheo ngapi bila jino? Ya dada yako, ya mtoto wa Mbuvi, ya nyumba nzima hii. Nani alinitafunia? Nyama yangu inachemshwa tangu alfajiri, inapondwa kwa kinu, inatiwa mchuzi, nakula na mnasema Mama amekula. Desturi inasema msichana ale. Haijasema atafune. Akakuna kichwa. Akasema wanaume hawajawahi kuona kinu kwenye nyama ya ntheo. Nikamwambia Februari wataona.

Lakini hilo ni la kwetu na la kwao. La kwako ni kukubali au kukataa, na sitakufanyia. Sitamtuma Musembi akusemee, nimekusemea vya kutosha maishani. Ukimtaka Kisilu, kinu kipo. Usipomtaka, utasimama useme watu wasile, nami nitakuwa nyuma yako, na mama yake nitampa kuku wa kurudi naye. Mwanamume anayekasirika akiwa amekaa simjui vizuri, babu yako alikuwa akikasirika anaenda kwa ndugu zake. Mwangalie bado. Una muda.

Mashine ikiwa imesogezwa ndani, basi na wewe umepata nafasi ya kuja. Rashid anapita huko tarehe ishirini na moja. Nimeshamwambia akuweke mbele, upande wa dirisha, na akiona umenyamaza ghafla asimamishe lori akulaze ubavu, asikutie kijiko mdomoni. Nimemwonyesha kwa kumtumia Mishi, akamlaza hapo dukani kati ya magunia. Jabiri hakupenda.

Lete dawa zote mbili, ile inayopungua na ile inayoongezeka, na karatasi ya daktari, Mishi atanisomea saa zake.

Ukishuka, usipitie kwa Musembi na usipitie kanisani. Zunguka nyuma, uingie kwa jiko langu. Usinisalimie kwanza. Kaa kwenye kigoda uelekee mlangoni penye mwanga, ufungue mdomo, wote, niangalie. Nitaangalia mpaka nimalize. Nitagusa kwa kidole pale panapouma na pale pasipouma, nijue ni wapi. Kisha funga, unywe uji, ulale kitandani kwangu upande wa ukuta, na hata kama ni mchana, na hata kama wageni wamejaa uwanjani, usiamke mpaka ulale ushibe.

Susu wako,
Kaluki